Nundu Iliyotoka Nzima

Tabora, Jumanne ya Oktoba. Joto la kabla ya mvua. Mabati yameanza kulia tangu saa nne asubuhi. Miguu imevimba kama jana, si zaidi. Daktari alikwishanieleza kwamba moyo wangu umechoka na kwamba nisipange mambo ya mbali. Sipangi.

Leo nimetolewa nundu kichwani.

Wanafunzi wangu wa zamani mnaosoma ukurasa huu mnaikumbuka. Mlikuwa mkiiona kila nilipogeuka kuchora ramani ubaoni. Mwanzo ilikuwa kama njugu mawe, mwishowe ikafikia limau dogo. Haikuwa ikiniuma. Lakini tangu nianze kushinda kitandani imekuwa ikisuguana na mto, ngozi imechubuka, na usingizi umenihama. Hospitali waliniambia watanipangia siku. Nikapima siku zao na zangu, nikaona hazitakutana.

Basi nikamwomba Bi Zuhura, jirani yangu hapa Kanyenye. Ni nesi mstaafu, amefanya kazi chumba cha upasuaji mdogo miaka mingi. Alikataa mara mbili. Alisema angekuwa bado kazini angenifukuza niende hospitali nikapange foleni kama watu. Mara ya tatu alikuja na sindano ya ganzi, uzi, na vyuma vyake vilivyochemshwa.

Bi Zuhura ni Mzaramo aliyeolewa huku, kwa hiyo ni mtani wangu. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka hapa hadi Pwani, wengine wakafia huko na kuzikwa na wenyeji wao. Tangu hapo Mzaramo anaweza kumtukana Mnyamwezi mchana kweupe na isiwe ugomvi. Na mmoja akifa, mwingine ana kazi yake msibani.

Alinikalisha baraza ya nyuma, kwenye mwanga, nikaegemeza paji la uso juu ya mgongo wa kiti. Akaninyoa sehemu ile, akapaka spiriti, akachoma ganzi. Nikaguna.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo kwa vichwa hivi hivi," alisema. "Wewe sindano moja tu unalia?"

"Walikuwa wakienda kuwafundisha nyinyi kufanya kazi, mtani."

"Tulia, Mnyamwezi. Kisu ninacho mimi."

Sikusikia maumivu, nilisikia kuvutwa tu. Damu ilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, na yeye hakushangaa. Baada ya muda akaniwekea kitu kwenye kisosi mbele ya macho. Kilikuwa cheupe, laini, mviringo, kama yai lililomenywa.

"Imetoka nzima na mfuko wake," alisema. "Haya ni mafuta ya ngozi tu. Na wewe miaka yote hii umetwambia ni jembe la Mihayo!"

Hapa inabidi nieleze.

Mihayo ni mdogo wangu. Baba yetu alipofariki, kijijini karibu na Isikizya, tuligombana matangani kuhusu nani atabaki na mji wake, yaani nyumba na shamba. Nilimwambia Mihayo maneno ambayo mtu hamwambii ndugu yake. Akanipiga kichwani kwa mpini wa jembe. Nilivuja damu kidogo, na jeraha likapona kabla ya wiki mbili kwisha.

Miaka mitatu baadaye ukoo ulikaa kikao kuamua habari ya ule mji. Baba mdogo, aliyeongoza kikao, aliniita katikati, akapapasa kichwa changu, akaikuta nundu. Akauliza, "Hii ndiyo ya siku ile?" Watu wote walikuwa wananitazama. Mihayo naye alikuwa ananitazama.

Nilinyamaza.

Baba mdogo akasema mkono uliomtia kaka alama ya maisha hauwezi kushika mji wa baba. Mihayo, ambaye ndiye aliyemuuguza baba na kulima shamba lile tangu ujana, hakubisha. Alifunga vyombo vyake, akamchukua mkewe na watoto, akahamia Usinge kufyeka shamba jipya. Yuko huko hadi leo.

Mji ulibaki kwangu. Sikuutaka kwa kuishi, nilikuwa na nyumba ya mjini. Niliutaka kwa sababu yeye aliutaka. Paa lake limekwisha kuanguka.

Na nundu ile nilikuwa nayo kabla ya baba kufa. Kinyozi ndiye aliyenionyesha, akanishikisha kwa kidole changu mwenyewe. Wala sikuhitaji kuuliza ni kitu gani, kwa sababu mama yetu alikuwa nayo. Shangazi alipokuwa akimsuka, alipofika pale alikuwa akiuzungusha mstari wa nywele ili usipite juu yake. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka saba, nikikaa pembeni nikitazama. Mihayo alikuwa bado ananyonya. Mama alifariki kabla Mihayo hajajua kutembea.

Kila mwaka baada ya mavuno Mihayo huja kunisalimia. Huleta karanga au asali. Hunipa shikamoo, huketi, hunywa chai, na kabla hajaondoka huuliza akitazama chini, "Na kichwa, kaka?" Mimi humjibu, "Kinavumilia."

Nimelitoa jibu hilo kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika yote niliyotenda, sijui kama lipo baya kuliko hilo.

Bi Zuhura alikuwa anashona. Akasema, kwa mazoea tu ya kazi, "Uvimbe wa namna hii hutembea na ukoo. Nani mwingine kwenu alikuwa nao?"

"Mama," nikasema.

Uzi ukasimama.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na Mihayo?"

Nikatazama kisosi. Akamalizia nyuzi mbili zilizobaki, akafunga bandeji, akanawa mikono, akaja kuketi mbele yangu. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Akasema kwa upole:

"Mtani, wewe unakwenda. Unajua hilo na mimi najua. Siku yako ikifika mimi nitavaa koti lako na miwani yako, nitatembea mbele ya jeneza kama unavyotembea, watu wacheke. Ndiyo kazi yangu. Watakapokuwa wanacheka, nitashika kichwa na kusema, 'Kinavumilia.' Halafu nitawaambia kwa nini. Nitasema mbele ya Mihayo, kwa sauti yako."

"Huwezi kufanya hivyo."

"Nani atanizuia? Wewe?"

Hakuna wa kumzuia. Mtani haulizwi msibani. Nimeona watu wakisemwa hivyo juu ya makaburi yao, na wajane wakicheka huku wanalia. Lakini si kuaibika kulikonitisha. Nilimwona Mihayo, mzee wa miaka sabini na minne, akisimama katikati ya watu wanaocheka, na wa kumuuliza amelala kwenye sanduku.

Nilimpigia saa tisa alasiri, ganzi ikiwa imeanza kuisha.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Mihayo."

"Na kichwa?"

Nikamwambia. Nilisema yote kwa mfuatano kama nilivyoandika hapa, bila kulia wala kujitetea. Upande wa pili nilisikia mtu akitwanga kinuni, kisha mchi ukanyamaza, nadhani alimwashiria aache.

Swali lake la kwanza halikunihusu mimi. Aliuliza, "Mama alikuwa nayo upande gani?"

"Kulia. Juu ya sikio."

Kisha akasema, "Nimezaa watoto sita, kaka. Hakuna niliyempiga hata kofi. Niliogopa mkono wangu."



"Umeniambia mimi kwenye simu," akaendelea. "Mimi nilihukumiwa mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Basi waite."

Wazee waliokuwa kwenye kikao kile wamebaki wanne. Nimewapigia wote kabla ya magharibi. Baba mdogo alikwishakufa, mwanawe atakaa mahali pake. Tutakutana Jumamosi, kwenye ule mji wenye paa lililoanguka. Bi Zuhura amesema safari hiyo itanimaliza, kisha akaenda kumtafuta mtu mwenye gari lenye kiti cha kulala.

Nilimpigia Mihayo tena kumpa siku. Alisema, "Nitakuja kusikia. Kusamehe sijasema."

Ni haki yake. Sikumwomba.

Kichwa kinauma sasa, maumivu ya kweli, ya mshono. Nimelala chali kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Naomba uzima hadi Jumamosi. Zaidi ya hapo sina ombi.