Likizo ya Baba

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Paa tumeziba, na paka wa jirani kazalia kwenye kapu langu la nguo, kwa hiyo kapu sina.

Umeuliza kama ni kweli Baba kapata kazi serikalini. Kiwanda cha nguo kilipouzwa, tajiri mpya alibakiza vijana tu. Wazee wakaletwa kwetu, ofisi ya ajira, wajiandikishe. Fomu inauliza, "Unatafuta kazi gani?" Baba akashangaa. "Mwanangu, kazi mtu anapangiwa. Miaka thelathini na moja, mimi nimewahi kutafuta?" Nikamwambia asaini tu.

Kesho yake, saa moja kamili, alikuwa mlangoni na ovaroli iliyopigwa pasi na chakula chake mkononi. Akasaini tena, akakaa kwenye benchi mpaka saa tisa na nusu. Wenzake kumi na mmoja wakamfuata. Mkuu wangu anafurahi, maana takwimu za waliohudumiwa zinapanda. Mshahara Baba hajauliza. Anasema serikali imezoea kuchelewesha. Nilitaka kumweleza siku ile ile kwamba benchi si kazi, nikaishia kumpa kalamu. Sasa huu ni mwezi wa tano anakuja.

Jana alikuja dirishani, kofia mkononi, akaniita "mheshimiwa". Anaomba likizo ya siku nne aje kukuona.

Nimemgongea muhuri. Akifika, muulize kazi inaendeleaje.

Mdogo wako,
karani wa dirisha la tatu