Mkono wa Kushoto, Ziara ya 1997

14 Februari 1998

Mpwa wangu Masikio,

Hujambo mama? Shule inaendaje, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku wazima, ila basi letu linanuka soksi za mpiga gitaa na madirisha hayafunguki. Ukisikia nimekufa, usihangaike kutafuta chanzo.

Ndani ya bahasha kuna kanda. Fundi mitambo ameninasia solo ya ziara hii kama kila mwaka: wimbo uleule, pale wenzangu wanapotoka jukwaani wakaniacha peke yangu na ngoma zangu. Safari hii dakika tisa! Gazeti moja limeniita mzee asiyechoka. Mzee, mimi! Nina arobaini na moja tu.

Sasa fanya kazi yako. Zisikilize zote nne, kuanzia ya 1995 mpaka hii, halafu uniambie. Wanabendi wananisifu kwa sababu tunakula sahani moja. Wewe huna sababu. Mwaka jana uliniandikia "nzuri kuliko zote", nikatembea na ile barua mfukoni mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Msalimie mwalimu wa maktaba anayekuazima redio.

Mjomba wako

&nbsp;

8 Machi 1998

Mjomba, shikamoo.

Natumaini hujambo wewe na wote mlio kwenye hilo basi. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeichana mara nne.

Nimesikilizia kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, mlango nimefunga. Unanijua, darasani sinyooshi mkono hata kama jibu ninalo, kwa hiyo haya ninayoandika yamenitoa jasho.

1995, dakika nne na nusu. Unaanza kwa fujo kama mtu anayeshuka ngazi mbiombio, na chini ya fujo mkono wa kushoto unapiga vile vipigo vidogo kwenye ngoma ya katikati ya magoti, vidogo sana, kama mtu anayenong'ona wenzake wakipiga kelele. Navipenda kuliko kitu chochote. 1996, dakika sita. Umetulia, na minong'ono ni mingi zaidi. Nilihesabu mpaka nikapotea.

Ya sasa ni dakika tisa, Mjomba, lakini tatu ni watu wanapiga makofi. Umewaachia kazi. Mguu unafanya kazi ya mkono. Mkono wa kulia unavuka kwenda kupiga matoazi ya upande wa kushoto, nasikia unavyochelewa kurudi. Minong'ono haipo. Hata mmoja.

Mkono wako wa kushoto una nini? Nisamehe kama nimevuka mpaka. Nenda hospitali, tafadhali.

Mpwa wako

&nbsp;

17 Aprili 1998

Masikio,

Marahaba mama. Mtihani umekwendaje?

Barua yako ilinikasirisha siku mbili. Ya tatu nikaangusha kikombe cha chai mbele ya bendi nzima. Wakacheka, nikacheka nao, kisha nikaenda chooni nikakaa. Tangu Januari nimekuwa nikikifunga kijiti mkononi kwa utepe wa fundi mitambo. Nilijiambia ni uchovu.

Nimepimwa. Mfupa wa shingo umeukandamiza mshipa wa fahamu. Daktari ni mama mmoja asiyecheka hata kwa bahati mbaya, na aliniuliza swali moja mara tatu: ilianza lini? Kama ni miezi michache, kisu kinaweza kuuokoa mkono. Kama ni zaidi ya mwaka, mshipa umeshakufa, na kupasua shingo ni kuuhatarisha bure huo mkono uliobaki. Nikamwambia sikumbuki.

Halafu nikakumbuka barua yako ya mwaka jana! Nikaitoa mfukoni nikamsomea: "Mkono wa kushoto uko vilevile, Mjomba, nzuri kuliko zote." Nikamwambia, daktari, mtoto huyu hakosei, kama kungekuwa na kitu angesikia. Akaandika kwenye faili.

Napasuliwa tarehe 15 Mei. Usimwambie mama yako. Dada yangu akianza kulia hana kitufe cha kumzima.

Mjomba wako

&nbsp;

8 Mei 1998

Mjomba, shikamoo.

Leo sitauliza habari. Usipasuliwe.

Tulikuwa likizo, barua yako ilikaa ofisini, nimepewa asubuhi hii. Mjomba, mwaka jana nilisikia. Nilisikia mara ya kwanza tu nilipoweka kanda. Minong'ono inakatika, inarudi, inakatika tena. Nikakuandikia ukweli, kwa lugha tunayofundishiwa shuleni, kwa sababu kwa lugha ile mimi ni jasiri, nakosoa vitabu vya watu wazima na mwalimu ananipa alama. Nilipotaka kuigeuza kwa Kiswahili, kila sentensi ikawa kama nakutukana. Mimi ni nani, nikuambie wewe uliyenibeba mgongoni kwamba mkono wako unakufa? Ndipo nikaandika "nzuri kuliko zote". Ile ya kweli iko nyuma ya daftari langu la hesabu mpaka leo.

Mwonyeshe daktari hii. Mwambie mtoto alidanganya.

Na jingine niliseme lote. Nilienda dirishani kwa katibu wa shule kuomba nikupigie simu. Akaniambia, "Haya, mwanangu, simu ya nini?" Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Mmoja akasema, "Kumbe bubu anataka kuongea!" Wakacheka. Nikamwambia katibu naomba stempu.

Hii ndiyo hiyo stempu. Posta ya shule inaondoka leo saa tisa. Itafika. Lazima ifike.

Mpwa wako

&nbsp;

9 Juni 1998

Masikio,

Usishangae mwandiko, ni wa fundi mitambo. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kurekebisha.

Barua yako ilifika tarehe 18. Nilikuwa nimeshapasuliwa. Nilisomewa kitandani.

Wa kushoto haujarudi. Wa kulia, vidole viwili vinanitii, vitatu vinanitazama tu. Daktari anasema labda. Nimemuuliza labda ya lini, akaondoka. Bendi inaendelea na ziara, wamepata mpiga ngoma mwingine, kijana mzuri, ana kelele.

Nimejaribu kukukasirikia nikashindwa. Nimejaribu kutokukasirikia, hilo nalo nimeshindwa. Kwa hiyo usiniandikie kwanza. Siku nikiweza kushika kalamu nitakuandikia mwenyewe.

Soma sana.

Mjomba wako

(Naongeza mimi, fundi. Kila asubuhi ananiambia nimwekee kanda ya 1997. Anasikiliza mpaka dakika ya tatu, halafu ananiambia nizime.)

&nbsp;

23 Oktoba 1998

Mjomba, shikamoo.

Najua ulinikataza kuandika. Nimesubiri miezi minne. Kila Ijumaa naenda dirishani kwa katibu, na sasa nauliza kwa sauti, foleni yote inasikia: "Kuna barua yangu kutoka kwa mjomba?" Hakuna anayecheka siku hizi. Katibu anatikisa kichwa kabla sijamaliza.

Mama nimemwambia. Amelia kama ulivyosema.

Hii si barua mpya, kwa hiyo sijakuvunjia neno. Ni ile ya nyuma ya daftari la hesabu. Nimeigeuza leo, neno kwa neno, sijalainisha kitu, na tarehe yake nimeiacha ilivyokuwa.

&nbsp;

2 Machi 1997

Mjomba,

Nimelinganisha ya 1995, ya 1996 na hii. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Dakika ya tatu mkono wa kushoto unakatika, na mpaka mwisho umekatika mara kumi na saba. Nilidhani ni kanda imekwaruzwa. Nikairudisha, nikasikiliza tena, nikaijaribu kwenye redio nyingine. Si kanda. Ni wewe.

Hakuna mwingine atakayekuambia, kwa sababu hakuna mwingine anayesikiliza mkono ule. Najua utakasirika. Kasirika, halafu nenda hospitali, halafu uniandikie kwa mkono wako mwenyewe kwamba nimekosea.

Mpwa wako,
Masikio