Nilivyomcheka Mama wa Kwenye Filamu

Jumapili, saa kumi jioni. Baridi ya Songea wiki hii haina huruma. Nimejifunga kitenge juu ya sweta na chai imepoa kabla sijaifikisha nusu. Upande wa pili wa ukuta majirani zangu wanacheka na wageni wao. Mimi sina wa kumwambia haya, kwa hiyo nakuambia wewe, shajara.

Nimeumbuka, na hakuna aliyeona.

Wiki iliyopita niliandika mtandaoni uchambuzi wa ile filamu inayozungumziwa kila mahali, ya familia inayoishi kwenye nyumba nzuri yenye uzio, pembeni ya mji. Baba ni mtu wa watu, anasalimia mtaa mzima. Ndani anamfichia mkewe vitu. Leo funguo, kesho miwani, keshokutwa barua. Halafu anamsaidia kutafuta, kwa upole kabisa, huku akimwambia kwamba akili yake imeanza kuchoka. Filamu nzima mama yule anatafuta vitu ndani ya nyumba yake mwenyewe, mpaka anaanza kujiogopa.

Wachambuzi waliiponda. Mmoja wa Dar alisema ni filamu ya kubembelezea watoto walale, haina hata tone la damu. Mwingine alisema aliyeiandika hajawahi kuishi na mwanamke. Wachache walioisifu walisifu muziki. Nami, ambaye kwa kawaida nasomwa na watu wa kuhesabika, nikataka kucheka pamoja na waliokuwa wanacheka. Niliandika hivi: "Mama gani mwenye akili timamu asiyejua funguo zake ziko wapi? Mama huyu hayupo. Ametungwa na mtu mvivu."

Maneno hayo yalipendwa mno. Watu waliyasambaza. Kwa siku mbili simu yangu haikutulia, na mimi ninayeishi peke yangu hapa Lizaboni, ninayerudi kutoka kufundisha nikafunga mlango na ndiyo basi mpaka kesho yake, nilijiona nina watu.

Jumanne akapiga dada yangu, Anna. Ameolewa Tunduru na hatupigiani mara nyingi. Nilidhani anataka kunipongeza. Aliuliza habari za kazi, akauliza habari za baridi.

"Umeandika kwamba mama yule hayupo," akasema. "Sasa sisi tulilelewa na nani?"

Akasema hakutaka kuniudhi, akaniaga.

Ningeweza kusema nilikuwa mdogo. Lakini nakumbuka. Tuliishi kwenye nyumba aliyopewa baba kazini, yenye ua wa michongoma na geti la chuma. Mama alikuwa anapoteza vitu. Baba alikuwa anaviona, kila mara, mahali ambapo mama alikuwa ameshatazama. Mimi ndiye niliyembandika jina la Mama Sahau. Siku ile baba alicheka sana, akaninunulia soda. Tukaendelea kumwita hivyo kwa miaka mingi.

Sikuwahi kujiuliza baba alijuaje pa kutazama.

Jana nikapanda bodaboda hadi Mpitimbi, ambako mama anaishi tangu baba afariki. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Nikampa shikamoo, nikavuta kigoda, nikaanza kutoa mawe pamoja naye. Sikujua pa kuanzia, kwa hiyo nikamsimulia filamu. Nilimsimulia taratibu, kama ninavyowasimulia wanafunzi hadithi, na muda wote hakuinua uso. Nilipofika mwisho nikamweleza kwamba hapo ndipo wachambuzi walipochukia zaidi. Mume ameondoka, mama yule anafungua geti, barabara iko wazi mbele yake, naye anasimama tu pale mpaka filamu inakwisha. Haondoki. Wengi walisema mtengenezaji aliishiwa mawazo.

Mama akaweka ungo chini.

"Alikuwa anamsubiri mtoto avae viatu," akasema.

Nikamwambia pale getini mtoto haonekani.

"Yuko ndani," akasema. "Hataki kuvaa."

Kisha akanieleza, kwa sauti yake ya kila siku, habari za asubuhi moja ambayo baba alikuwa amesafiri kikazi. Geti lilikuwa wazi. Anna alikuwa amesimama tayari, begi mgongoni. Mimi nilikuwa nimekaa chini sebuleni, nimekumbatia miguu yangu, nalia. Nilikuwa nasema siendi na Mama Sahau, atatusahau njiani.

Mama alisimama getini mpaka akachoka. Halafu akalifunga, akarudi jikoni kutupikia uji.

Nilimwomba msamaha. Alinitazama kama mtu aliyeombwa msamaha kwa mvua kunyesha. Akasema nilikuwa na miaka sita. Akaniuliza kama nitakula kabla sijaondoka.

Nilikula. Sikumbuki nilikula nini.

Leo baada ya kanisa nimeufungua ule uchambuzi. Sikuufuta, maana kufuta kungenifaa mimi tu. Chini ya yale maneno nimeongeza: "Nilikosea. Mama huyu yupo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomcheka." Hakuna aliyesambaza. Msomaji mmoja ameuliza kama watengenezaji wa filamu wamenihonga.

Wasomaji hawaniumi. Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa wanne katika nyumba ile, tunakula meza moja, na mama alikuwa peke yake kabisa. Na Anna pia. Alikuwa na miaka kumi, alijua kila kitu, akavua lile begi na kwenda kunywa uji kando yangu bila kuniambia neno. Mpaka leo sijawahi kumuuliza chochote.

Nitampigia sasa hivi, kabla sijapata sababu ya kuahirisha. Nataka kumuuliza asubuhi ile alikuwa ameweka nini kwenye begi, na kama na vitu vyangu vilikuwemo.