Waliombeba Anselmi

Ng'ambo, Unguja

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya siku utakayoipata barua hii, maana meli zenyewe hazina haraka. Mgongo je, unakuacha ulale? Mimi mzima, tena nanenepa. Mzungu wangu hali keki ya mtu mwingine mjini hapa ila yangu, na mkewe hujificha nyuma ya mlango aone natia nini. Muulize yeyote Unguja.

Mama, kaa kitako kwanza. Anselmi, mtoto wa jirani yako, amefariki Jumanne kwa ugonjwa wa kifua, chumbani kwangu. Mamake anajua alikuwa karani. Hakuwa karani. Alikuwa topasi, ndivyo huku waitwavyo wanaobeba ndoo za vyoo vya watu. Alipofukuzwa alipokuwa amepanga nilimchukua, tukala sahani moja, na sikufa, si unaona naandika.

Watu wa kwetu tuna chama cha kuzikana: akifa mmoja, wenzake humwosha na kumbeba. Nikaenda kwa Mzee Dominiki, mkubwa wa chama, mwenye benchi lake la mbele kanisani. Jumapili iliyotangulia padri alitusomea habari ya karamu, vilema na vipofu wakaitwa waingie, na Mzee Dominiki ndiye aliyeitikia Amina kutushinda sote.

"Sanda tutatoa, Klementi," akaniambia. "Mikono yetu usiitafute. Mikono hii ndiyo tunayolia chakula."

Nikamwosha peke yangu, kwa sabuni ya manukato ya mke wa Mzungu. Nikamwambia maiti, "Bwana Yesu aliosha watu miguu tu, mimi nakuosha mzima mzima." Siku nyingine mzaha kama huo ungenivunja mbavu mwenyewe. Sikucheka, wala sikulia. Ilikuwa kama naosha sufuria.

Seremala aliyetengeneza jeneza akanihurumia, akashika miguuni, mimi kichwani, tukatoka. Wawili tu. Sasa huku Waislamu wana desturi: jeneza likipita, mwanamume aliyekaa huinuka, akaliwekea bega hatua chache, akampisha mwingine. Tulipofika kwa muuza kahawa, wanywaji wakainuka.

"Nani huyo?" akauliza muuza kahawa.

Nikaona bora niwamalizie mapema, wajikalie. Nikajibu kwa sauti, "Topasi! Tena Mkristo!"

"Nimekuuliza jina, bwana, sikukuuliza kazi."

"Anselmi."

"Haya, Anselmi, twende." Akaliacha dele lake la kahawa motoni, akaingiza bega. Wakaja wengine, wakipokezana, hata nikajikuta natembea pembeni mikono mitupu.

Langoni mwa kanisa wakasimama. Mzee Dominiki akatoka na koti lake jeusi, akaziona kofia zote zile chini ya jeneza. Muuza kahawa akamwambia, "Shika, baba. Huyu wenu. Sie twaishia hapa."

Mzee akaweka bega. Wenzake nao wakaja. Alilia mpaka kaburini. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyake.

Tangu hapo sisikii kitu, mama. Jana supu niliitia chumvi mara mbili, Mzungu akainywa kimya. Labda keshapata habari.

Nina ombi. Wa kwetu wakija huko likizo watasema topasi, topasi, na watu hawatakanyaga matangani. Wewe watangulie. Mwambie mamake kweli yote, kazi aliyoifanya na waliombeba. Kisha ukae mkekani kwake, mle sahani moja, mlango wazi, wapitao wakuone. Na ukilia, lia na fungu langu, maana mimi bado halijanijia.

Nisalimie babu na meno yake mawili, dada yangu na mumewe mchunga mbuzi, na mwalimu wa dini aliyenichapa hata nikajua kuandika.

Mimi mwanao,
Klementi,
mpishi asiye na mwenzake Unguja