Mafuta Mekundu ya Kamio

Kamina, Jumatatu, 9 Juni 1980

Hapana, bado nasema si mlio wa ng'ombe. Kalenga anasema kamio, lori hili la mizigo, inalia kama ng'ombe anayetaka kuzaa. Mimi nasema inalia kama mtu anayeota ndoto mbaya. Tumebishana tangu chai ya asubuhi na hakuna aliyeshinda. Napenda kubishana na mume wangu. Mume wangu! Nimeandika neno hilo mara mbili kwa raha tu.

Mlio unatoka kwenye pompi ya usukani kila akikata kona. Usukani wenyewe umekuwa mzito, wa kupigana nao. Leo amefungua kopo la mafuta yanayoulainisha. Yanatakiwa kuwa mekundu kama divai ya misa. Haya yalikuwa meusi, yananuka kuungua. Kichujio ndani ya kopo kimeziba kabisa, kama masizi ya chungu. Amekisugua kwa petroli na mswaki wa zamani. Nimehakikisha ni wa zamani.

Kazi yangu ilikuwa kukaa mahali pa dereva. Injini imezimwa, magurudumu ya mbele yameinuliwa kwa krik, ile jeki. Nazungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, polepole. Yeye chini anamimina mazutu, dizeli ya kuosha, uchafu unatokea kwenye mpira na kuingia katika beseni. Beseni langu la harusi. Sikujali. "Kuume, sheri." "Kushoto, sheri." Kwa neno hilo la mpenzi ningezungusha mpaka Noeli.

Lakini moyo hautulii. Kamio si yetu, ni ya Mjomba Mwilambwe, kaka wa mama yake Kalenga. Jumamosi anakuja kuijaribu mwenyewe. Amesema wazi: usukani ukiwa bado mzito, anampa kamio mpwa mwingine. Basi, bila kazi, tutarudi kwenye kiwanja cha baba mkwe, chumba kimoja, ukuta mmoja na mashemeji wanaokohoa. Sitaki. Nataka nyumba hii, na kamio mbele ya mlango, na mimi kando yake kwenye kiti cha mbele.

Mama yangu yuko hapa tangu jana. Ametoka Bukama kwa treni kuona ninaishije. Ameleta samaki wakavu na kidumu cha mafuta ya mawese. Kidumu kinafanana kabisa na kile cha mafuta mapya ya kamio. Vyote viwili nimeviweka jikoni nyuma ya mlango, kuku wasiviangushe.

Mama na Kalenga wanaheshimu buko, ile haya ya mkwe na mkwe. Hawatazamani, hawaongei, hawali pamoja. Kalenga akiingia uani, Mama anajifunika kitenge na kuzunguka nyumba kwa upande wa migomba. Kalenga anaomba samaki kupitia kwangu, na kushukuru kupitia kwangu. Mimi ndimi posta yao. Wanapendana sana namna hiyo.

Jumanne, 10 Juni

Usukani mwepesi!

Nilikwenda bombani, foleni ndefu. Niliporudi alikuwa amekwisha kujaza mafuta mapya. Nikapanda, nikazungusha mpaka povu likaisha kwenye kopo. Kisha akawasha injini. Jua kali la alasiri. Nimeuzungusha kwa kidole kimoja, kile chenye pete. Nimelia kidogo. Nimempigia makofi.

Yeye hakucheka. Alifuta mikono muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nilipomkumbatia alitazama kwanza upande wa jikoni, akajiondoa. Kwa nini? Jana alikuwa ananiita sheri mpaka majirani wanasikia.

Mama naye amebadilika. Amepika samaki kwa karanga, ingawa mawese ameyaleta mwenyewe. Nikauliza. Akasema, "Karanga njo iko muzuri kwa tumbo." Akala akiwa ameugeukia ukuta.

Jumatano, 11 Juni

Mama ameondoka. Alisema atakaa wiki nzima, leo asubuhi nimemkuta amefunga mzigo. Nimemsindikiza stesheni. Baridi ya Juni, pumzi inaonekana. Nimemuuliza kama nimemkosea.

"Hapana, mwana yangu. Nyumba yako iko na mapendo mingi." Kisha akaongeza, "Mingi sana."

Akapanda treni bila kugeuka.

Nimerudi na kumkuta Kalenga ananing'inia kwenye usukani kwa mikono yote miwili. Haugeuki. Haugeuki kabisa! Mlio umerudi, mkali kuliko wa mwanzo. Jana kidole, leo mwanamume mzima hawezi. Amekaza mkanda wa pompi. Saa sita mchana, bila sababu, usukani ukalainika tena.

Sielewi. Nataka kupasua kitu.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi mgumu, mchana mwepesi. Sawa na jana. Ameifungua mipira yote, ameipuliza, amefunga tena. Hakuna iliyoziba. Hakuna tone linalovuja.

Haniongeleshi. Akiniongelesha ananitazama miguuni. Nimevaa kile kitenge cha harusi, hakuona. Naogopa amenichoka. Mwezi haujaisha tangu tuoane, na amenichoka. Lazima niandike hivyo hivyo, maana hakuna wa kumwambia.

Jirani yetu, Mama Bolumbu, mke wa askari wa kambi, amesimama kwenye ua akitafuna muwa.

"Weye bibi-arusi, uliolewa na bwana ao na kamio?"

"Na bwana."

"Basi umuambie atoke chini ya mama mukwe wake."

Alimaanisha kamio. Alicheka sana. Kalenga chini alijigonga kichwa kwenye chuma, akatoka, akaenda zake njiani bila kunawa. Mzaha wa kawaida tu! Kwa nini umchome hivyo?

Keshokutwa Mjomba anakuja. Yeye huja asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Daima asubuhi.

Nimepanga vyombo upya. Nimevipangua. Nimevipanga tena.

Ijumaa, 13 Juni

Nimejua. Nitaandika taratibu.

Asubuhi nilitaka kumpikia Kalenga maharagwe kwa mawese, labda tumbo litamrudisha kwangu. Nikachukua kijiko kikubwa, maana mawese ya Juni hayamiminiki asubuhi. Kila mwanamke wa hapa anajua. Yanaganda, unayachota kama siagi, au unakiweka kidumu juani kwanza. Nikainamisha kidumu. Mafuta yakatoka mbio kama maji. Mekundu, mepesi, yananuka mashine.

Nikasimama na kijiko changu. Haya ni ya kamio. Basi ya Mama yako wapi?

Asubuhi yanaganda. Mchana yanayeyuka.

Nikatoka na kidumu mpaka mbele ya Kalenga. "Hiki kinafanya nini jikoni kwangu, bado kimejaa?"

Alikitazama. Akakaa chini, hapo hapo vumbini. Na hatimaye akasema yote, kichwa kati ya magoti.

Jumanne alikuwa chini ya kamio, macho na pua vimejaa mazutu. Akasikia nyayo za mwanamke. Akafikiri nimerudi kutoka bombani. Akapaza sauti: "Sheri, leta ile mafuta mwekundu, na bizu moya!"

Mafuta mekundu, na busu.

Nyayo zikaenda. Zikarudi. Kidumu kikawekwa taratibu kando ya gurudumu, na mkono uliokiweka ulikuwa umefunikwa kitenge. Ndipo akaona vidole vya miguu. Vya Mama.

Mama angefanya nini? Jikoni kwetu, mafuta mekundu ni mawese. Alikuwa ameyaweka juani yayeyuke kwa ajili ya chakula cha mchana. Hawezi kumuuliza mkwe wake anataka yapi. Hawezi kumwambia mashine hailishwi mawese. Mkwe ameomba, mkwe anapewa. Naye Kalenga hawezi kumwita arudi, wala kukinusa alichopewa na mama mkwe kana kwamba anamshuku. Alikimimina chote haraka, aibu ikimchoma masikio, ili kidumu kirudi na jambo liishe.

"Nilimuomba mama yako busu," akasema. "Minyi nitamuangalia namna gani?"

"Humwangalii hata hivyo," nikasema.

Tukatazamana. Kisha nikacheka, nikacheka mpaka nikakaa naye vumbini, naye akaanza kucheka na machozi yakimtoka. Hajanichoka! Alikuwa anamwonea haya Mama, si kunichoka mimi. Kalenga wangu mpumbavu, mpenzi.

Halafu nikakumbuka kesho ni Jumamosi na kicheko kikakatika.

Tulingoja jua. Hakuna kazi mbaya kama kungoja jua. Nilikuwa natoka na kuingia, nagusa kopo kama ninavyogusa paji la mgonjwa. Saa sita tulifungua mpira. Yalitoka mekundu na mabonge ya njano, harufu ya sombe, majani ya muhogo kwa mawese, uani kote, mbwa wa Mama Bolumbu akaja kulamba beseni. Mazutu, kulia, kushoto. Tena mazutu. Kichujio tena, mswaki tena. Tukaacha yachuruzike mpaka tone la mwisho. Ndipo yale ya kweli, kutoka jikoni. Nikazungusha mpaka povu likaisha. Kimya. Pompi hailii.

Lakini mchana wa jana pia haikulia. Jibu liko kwenye baridi ya kesho. Maharagwe yameungua. Sina njaa.

Jumamosi, 14 Juni

Niliamka kabla ya jogoo. Ukungu mpaka dirishani. Nilitaka kwenda kuujaribu usukani mwenyewe. Kalenga akanishika mkono: "Acha. Kama ni mubaya, tutajua wote pamoja."

Mjomba Mwilambwe alifika amevaa abakosi, koti lake la sherehe, na kofia ya sufu. Hakutaka chai. "Chai nakunywa nyuma ya kujaribu kamio."

Akapanda. Nilisimama mlangoni na sufuria tupu, sijui nilitaka kuipeleka wapi. Injini ikakohoa, ikashika. Akazungusha.

Gurudumu likageuka. Kulia mpaka mwisho. Kushoto mpaka mwisho. Hakuna ng'ombe, hakuna ndoto mbaya. Akaenda mpaka njia ya stesheni, akageuza pale penye mtaro, akarudi kwa mkono mmoja. Mwingine alikuwa anashikilia kofia.

Alishuka. Akainama karibu na injini, akanusa. Akanusa tena.

"Kalenga."

"Yomba."

"Iko mwepesi. Lakini juu ya nini inanukia sombe?"

Kalenga akaanza kufuta mikono iliyo safi. Nikasema, "Yomba, ni jiko langu. Upepo."

Mjomba akatazama moshi wangu, unakwenda upande mwingine kabisa. Akatazama nyuso zetu. Akampa Kalenga funguo.

"Bibi yako anasema uongo mubaya, lakini anapika. Utapakia mihindi ya Bukama. Na hiyo chai iko wapi?"

Alipokwenda nilimrukia Kalenga mbele ya watu wote. Mama Bolumbu akapiga vigelegele kwenye ua. Busu moja, mchana kweupe, kwa mwanamke anayestahili.

Jumapili, 15 Juni

Kutoka misa. Nyumba imetulia. Kamio iko mbele ya mlango, kuku wamelala kwenye kivuli chake.

Nimevitenganisha vidumu. Cha kamio nimekifunga kamba nyeusi shingoni. Cha Mama nimekiosha, ni kitupu. Harufu haitoki. Sitaki itoke.

Kalenga ameniuliza kama Mama amekasirika. Nimesema sijui. Nadhani anacheka peke yake kule Bukama, kitenge mdomoni, halafu anaona haya kwa kucheka. Kalenga ametafuta mbuzi wa kumpelekea, wa kuomba radhi ya buko. Dume dogo, jeupe, lenye kelele. Amelifunga kwenye mgomba na kulipa maji mwenyewe.

Mzigo wa mihindi ukiwa tayari tutateremka. Yeye atasimamisha kamio mbali na nyumba, atakaa akigeukia barabara. Mimi nitabeba maneno, kutoka kwake kwenda kwa Mama, kutoka kwa Mama kuja kwake. Wafwako, asante, wafwako.

Kidumu cha Mama kimekaa mlangoni, kinangoja kujazwa. Kabla ya mwezi huu kuisha, Mama, nitakuja.