Upande wa Esta

Jumapili, 5 Mei
Nimefagia, nimepika sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, nimeimba. Mke wa Bahati! Hakuna mwanaume mzuri kama yeye Kalundu nzima. Ziwa limepanda hadi uani. Jioni maji hugonga mlango polepole, kama mgeni mwenye adabu. Bahati hulala upande wa ukutani. Upande wangu ulikuwa wa marehemu Esta, mke wake wa kwanza. Godoro lina bonde la mwili wake. Linanitosha kabisa.

Jumatano, 8 Mei
Damu tena, baada ya kulala pamoja. Si siku zangu. Naogopa.

Ijumaa, 10 Mei
Mama mkwe ameliona shuka nililofua. Kumbe Esta naye alianza hivi. Damu baada ya mume, kisha damu kila siku, kisha kaburi. "Weye uko unalalia nafasi yake. Iko anakuita." Amenipa maji ya moto ya majani na chumvi nijioshe ndani, Esta asiingie. Nimejiosha. Yameniunguza vibaya.

Jumapili, 12 Mei
Bahati yuko Kamanyola kwa biashara. Nimelala kwenye mkeka. Asubuhi nimeligusa bonde. Lina joto.

Jumanne, 14 Mei
Nimekwenda kituo cha afya bila kumwambia mtu. Muuguzi amepaka siki kwenye mlango wa kizazi. Siki tu! Amesubiri, akatazama.

"Maman, iko doa nyeupe. Haiko kansa. Tukiiacha miaka, inaweza kuwa kansa."

Ni kirusi. Hupita kati ya mume na mke, hukaa kimya miaka. Amenikataza kujiosha ndani. Nimeuliza: kinaweza kutoka kwa marehemu, kupitia mume? Inawezekana, amesema, hakuna awezaye kujua.

Nywele zimenisimama. Labda kweli tuko watatu kitandani.

Alhamisi, 16 Mei
Bahati amerudi, amenisindikiza. Doa limechomwa kwa kifaa cha moto. Maumivu kama ya hedhi, basi. Muuguzi amesema tusilale pamoja kwanza, hadi nipone. Mpenzi wangu amelia njiani. Esta hakupimwa. Alipewa majani tu.

Jumapili, 23 Juni
Maji yametoka uani. Nimepona; mwakani nitapimwa tena. Juzi mama mkwe aliniuliza, macho chini: "Na minye muzee, watanipima?" Tumekwenda naye. Yuko salama.

Bahati alitaka kununua godoro jipya. Nimekataa. Nimelala kwenye bonde lile. Sogea kidogo, dada, nimesema. Nikafumba macho.