Umri wa Babu Yona

Isansa

Marahaba, mume wangu Baraka,

Mimi bibi yako bado navaa sare ya shule. Ndiyo raha ya kuwa kitindamimba: kaka zangu ni babu zako. Kahawa bado inaiva na sote ni wazima.

Uliuliza kwa nini ile homa ya virusi ilimlaza hospitalini Babu Yona, wakati kaka yake Ezekia alikohoa siku chache tu. Sisi tulimpumzisha Ezekia kwa sababu ndiye mkubwa. Yona tulimwacha achume kahawa.

Sasa nimepata fununu, na nashindwa kutulia. Mwalimu wa biolojia ametufundisha kwamba ncha za kromosomu hufupika seli zinapozeeka, na wenye ncha fupi huenda wakalemewa zaidi na virusi. Labda seli za Yona zimechoka mapema. Nilipowaeleza nyumbani, Yona alicheka: "Katoto haka kananizeesha."

Jana alianza kupiga chafya, akachukua kikapu aende shambani. Ezekia akamnyang'anya.

"Kalale. Leo mkubwa ni wewe."

"Basi niamkie."

"Shikamoo, kaka. Haya, ndani."

Yona aliitikia, akaenda kulala.

Bibi yako,
Tumaini